Boksi la viatu, unga wa chumvi au soksi kuukuu? Kuchagua kazi ya mikono ya kumfundisha mtoto bahari

Mtoto akishamaliza kukata na kupaka rangi samaki wake wa karatasi, mwulize: huyu anaishi wapi? Wengi watajibu "baharini", na mazungumzo yataishia hapo. Kazi imependeza, ukuta umejaa, lakini hakuna alilolijua jioni ambalo hakulijua asubuhi.

Kwa hiyo mimi huchagua kazi kwa swali ambalo mtoto analazimika kulijibu kabla hajaimaliza. Ipo inayomlazimisha kujua mnyama ana miguu mingapi. Ipo inayomlazimisha kujua amejificha wapi maji yakipwa. Nyingine inamtaka ajue mnyama anafanya nini adui akitokea. Uzuri wa kitu kitakachobaki mezani nauweka mwisho kabisa. Ninazozilinganisha hapa zote hufanyika kwa vitu vya nyumbani au vya duka la mtaani, na nimemfikiria mzazi mwenye mtoto mmoja pamoja na mwalimu mwenye watoto sitini, maana kinachomfaa mmoja mara nyingi humchosha mwingine.

Kwa makazi: boksi la viatu au karatasi ya ukutani

Kama lengo ni mtoto aelewe kwamba bahari ina mitaa yake, na kila mtaa una wakazi wake, basi boksi la viatu halina mpinzani. Unalilaza kwa ubavu, unapaka buluu ndani, unamwaga mchanga juu ya gundi, halafu kabla ya kuweka mnyama yeyote unamtaka mtoto achague: hapa ni mikoko, nyasi za baharini, au mwamba wa matumbawe? Uamuzi huo wa mwanzo ndio somo lenyewe. Asiruhusiwe kuchanganya yote kwenye boksi moja, hata akilia.

Akichagua mikoko, mizizi ndiyo kazi. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Njiti za chelewa zilizoloanishwa kidogo ili zipindike zinatosha. Mchu, mti mwingine wa mikokoni, ni tofauti: mizizi yake ya kupumulia hutokeza juu ya tope, wima, mingi mingi, na vijiti vya kuchokolea meno vilivyochomekwa kwenye udongo vinaonyesha hivyo hasa. Mtoto aliyechomeka vijiti hivyo kimoja kimoja atauliza mwenyewe kwa nini mti unatoa mizizi juu badala ya chini. Jibu ni kwamba tope la mikokoni halina hewa ya kutosha.

Akichagua matumbawe, kata trei ya mayai. Kila kikombe cha trei ni kijumba, na ndani yake unagundisha nyuzi fupi kuwa mikono ya kile kiumbe kidogo, kwa sababu tumbawe si jiwe wala mmea. Ni mnyama, tena maelfu ya wanyama wadogo waliojijengea nyumba za chokaa. Paka rangi nusu ya trei na uache nusu nyingine nyeupe. Rangi ya matumbawe hutokana na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya mwili wake na kumlisha. Maji yakipata joto kupita kiasi mwani huo humtoka, naye hubaki mweupe. Ndivyo ilivyotokea sehemu nyingi za pwani yetu mwaka 1998, na tena 2016. Mtoto wa miaka minane analielewa hilo bila shida akiwa na trei mkononi.

Wa nyasi za baharini asishindwe na hawa wawili. Mwonyeshe kwamba nyasi zina mizizi ya kweli, hivyo lazima zichomekwe mchangani, wakati mwani wa kulimwa hufungwa kwenye kamba na vigingi. Hapo ndipo pa kumweka kasa wa kijani aliyekomaa, na nguva pia, kwani wote wawili ni wala nyasi. Nguva sasa ni adimu mno, na mtoto anastahili kuambiwa hivyo.

Kuna nyongeza moja ambayo siiachi kamwe. Kata karatasi ya plastiki ya buluu inayopitisha mwanga, upana wa mdomo wa boksi, uibandike kwa tepu upande wa chini tu ili iweze kuinuliwa na kushushwa. Ikiinuliwa, maji yamejaa, ikishushwa, yamekupwa. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji kwenye pwani ya Tanga, Unguja au Mombasa hukaribia mita 4, na mtoto akishusha ile plastiki inabidi aamue: kaa ataingia shimoni, pweza atabaki kwenye kidimbwi cha mwamba, samaki wataondoka na maji. Nimeona watoto wakibishana juu ya hilo kuliko wanavyobishana juu ya mpira.

Udhaifu wa boksi ni mbili. Kwanza, linaonyesha mtaa mmoja uliosimama, wakati wanyama wengi huhama. Kamba, wale wa kuliwa, huzaliwa mbali kwenye maji ya wazi, hukulia mikokoni, kisha hurudi kwenye kina. Kasa hutagwa ufukweni, huanguliwa baada ya miezi kama miwili, hukimbilia majini, na jike hurudi miaka mingi baadaye kutaga. Boksi haliwezi kubeba safari hiyo. Karatasi ndefu ya ukutani inaweza. Unganisha karatasi za kaki au manila mita tatu nne, chora ufukwe kushoto, mikoko, nyasi, mwamba, kisha maji ya kina kulia. Wanyama wawe wa kukata, wabandikwe kwa tepu inayobanduka, ili kila wiki wahamishwe. Kwa darasa la watoto sitini ndiyo pekee ninayoipendekeza: kila kundi linapewa mnyama mmoja, na kila kundi linaeleza mbele ya wenzake kwa nini limembandika pale.

Pili, boksi hupotosha ukubwa. Kaa na papa potwe hutoka sawa. Dawa yake ni chaki na kamba uwanjani. Papa potwe anaweza kufikia mita 12 na zaidi, ingawa wengi wanaoonekana karibu na Kilindoni, Mafia, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, ni wadogo kuliko hapo. Pima kamba ya mita 12, mchoreni kwa chaki, halafu watoto walale ndani yake wakifuatana kichwa kwa miguu wahesabu wameenea wangapi. Kazi ya nusu saa na haina gharama. Wakishamaliza, waambie kwamba jitu hilo hula vijidudu vya maji na visamaki vidogo tu. Hapo kelele huwa kubwa.

Kwa maumbile: unga wa chumvi, udongo, au karatasi za gundi

Unapotaka mtoto aujue mwili wa mnyama, kufinyanga kunashinda kuchora. Ukichora kaa kwa ubavu unaweza kukwepa miguu mitano. Ukimfinyanga huna pa kukwepea: miguu kumi, pamoja na yale magando mawili. Pweza mikono minane. Ngisi minane na mingine miwili mirefu ya kunasia. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, mitano, kwa kawaida. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano hii ni hesabu na bahari kwa pamoja.

Unga wa chumvi ni vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini, na maji yanayokaribia kikombe, unakanda hadi uache kushika vidole. Ni salama, rahisi, na watoto wanaupenda. Tatizo lake ni la sisi wa pwani. Chumvi huvuta unyevu, na hewa ya Tanga au Mombasa msimu wa masika haikosi unyevu. Kaa aliyekauka vizuri juani Jumamosi huanza kulainika na kuota ukungu kabla ya wiki mbili tatu. Aliyeko Dodoma au Arusha hatakuwa na shida hiyo. Aliyeko pwani akaushe polepole kwenye oveni au juu ya jiko la makaa lililokwisha moto, apake vanishi, au akubali tu kwamba kazi hii ni ya kufanya, kupiga picha na kutupa. Mimi nimelikubali hilo.

Udongo wa mfinyanzi hauna ukungu, lakini usipochomwa hupasuka, na wengi wetu hatuna tanuri. Upo karibu na mfinyanzi? Mwombe akuchomee. Hayupo? Achana nao.

Karatasi za gundi, yaani magazeti yaliyochanwa na kulowekwa kwenye uji wa unga wa ngano na kubandikwa juu ya puto, zinahitaji subira ya siku kadhaa, kwa hiyo ni za watoto wa miaka saba kwenda juu. Lakini kuna mnyama mmoja ambaye hakuna njia nyingine ya kumtengeneza: bunju. Bunju hujijaza maji akitishwa hadi awe duara asilomezeka, na mtoto anayepuliza puto tayari anafanya kile anachofanya bunju. Vijiti vya meno vikate nusu, vichomeke kabla gazeti halijakauka, umepata bunju mwenye miiba. Ukiwa hapo mwambie jambo ambalo kila mvuvi wa pwani analijua: bunju ana sumu, haliwi ovyo.

Kwa njia hiyohiyo ya puto, nusu duara inakuwa gamba la kasa, ila hapa watoto hukosea jambo moja karibu wote, kwa sababu wamemzoea kobe wa bustanini. Wanataka kichwa kiingie ndani. Kasa haingizi kichwa wala mikono, na haponi kwa kujificha ndani ya gamba kama kobe. Hupona kwa kuogelea. Mikono yake ni makasia. Kwa hiyo kichwa kigundishwe kwa nje kabisa, na makasia ya mbele yawe marefu kuliko ya nyuma. Ukitaka kuwa mkali zaidi, mpe ng'amba, aina mojawapo ya kasa, mdomo uliochongoka, ule anaotumia kutolea sifongo za kula kwenye mianya ya miamba.

Kwa tabia: soksi au picha za kupaka rangi

Nianze na picha za kupaka rangi, kwa kuwa ndizo zinazotumika zaidi na ndizo ninazoziamini kidogo zaidi. Zinatuliza darasa, zinazoesha mkono kushika kalamu, na hilo si dogo. Lakini nyingi zinazochapishwa kutoka mtandaoni hazikuchorwa kwa ajili ya watoto wetu: pengwini na dubu wa barafu wako ukurasa mmoja, wakati mmoja ni wa kusini mwa dunia na mwingine wa kaskazini, na hawajawahi kuonana. Mtoto wa Kigamboni anamaliza wiki nzima ya "wanyama wa bahari" bila kukutana na changu, taa wala pweza. Afadhali mwalimu achore mwenyewe hata kama mkono wake si mzuri. Na ukiwa Mwanza, tazama sana watoto wanachokiongeza pembeni: watachora sato na sangara, kwa sababu ndio samaki wanaowajua. Usiwafokee. Ni nafasi ya kueleza kwamba maji ya ziwa hayana chumvi na kwamba wale samaki si wa bahari.

Soksi iko upande mwingine kabisa. Haifundishi umbo, kwa kweli umbo lake ni baya, lakini inafundisha mnyama anaishi vipi. Chukua soksi kuukuu ya mtu mzima. Sehemu ya vidole ndiyo kichwa. Sehemu ya mguu ikate vipande vinane kuanzia mdomoni na ufunge fundo kila mwisho ili isifumuke. Nje paka rangi ya mchanga. Igeuze ndani nje, upake wekundu wenye madoa. Sasa una pweza anayebadilika rangi: mtoto anaingiza mkono, pweza anatembea mchangani, hatari ikija anachomoa mkono, anageuza soksi, na pweza amekuwa rangi ya mwamba. Kugeuza kunachukua sekunde kadhaa wakati pweza halisi hufanya hivyo kwa kufumba na kufumbua, na watoto wenyewe watalalamika kwamba wao ni wazito.

Adui wake ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, na mkunga ni soksi ya mpira ile ndefu, bila kukatwa chochote. Mkono mmoja pweza, mwingine mkunga, meza iliyofunikwa kanga ndiyo mwamba. Mchezo huo ukishika moto, ndipo unapoingiza mambo ambayo hakuna picha ya kupaka rangi itayafikisha: pweza ana mioyo mitatu, damu yake ni ya buluu, na jike akishataga hukaa akiyalinda mayai bila kula hadi yaanguliwe, kisha hufa. Watoto wa pwani wataleta na ya kwao. Kuna ambao mama na bibi zao huenda kuchokoa pweza maji yakipwa, na wanajua shimo la pweza hutambulika kwa makombe yaliyotupwa mlangoni. Wa Pemba wanaweza kukueleza kwa nini baadhi ya vijiji hufunga mwamba kwa miezi kadhaa, hakuna kuvua, ili pweza wakue.

Kwa mtoto mwenye haya, asiyependa kusimama mbele ya wenzake, soksi ni bora kuliko yote niliyotaja. Anazungumza pweza, si yeye. Kwa mtoto mmoja aliye peke yake nyumbani haifai sana, labda mzazi awe tayari kuwa mkunga.

Vitu vya kuokota: makombe au takataka

Hapa sina usawa. Makombe yanapendeza, lakini yaache. Kuna kaa asiye na gamba lake mwenyewe ambaye huhamia kwenye kombe tupu, na akikua hutafuta kubwa zaidi. Kombe ulilobandika kwenye fremu ya picha ni nyumba aliyokosa. Viti vya pweza vilivyokaushwa na simbi zinazong'aa zinazouzwa kwa watalii mara nyingi zilichukuliwa zikiwa hai. Na ndani ya hifadhi za bahari, kama Watamu au Mafia, kuokota kunakatazwa. Ukiwa ufukweni na mtoto, mwache aokote, atazame, ahesabu, apige picha, arudishe.

Takataka ziko tele na hakuna atakayezidai. Vifuniko vya soda vinakuwa magamba ya samaki. Kandambili zilizokatika hukatika vizuri kwa mkasi mkubwa, zina rangi kali na zinaelea, hivyo samaki wake anaweza kuchezewa kwenye beseni. Hapa una mfano wa kweli wa kuwaonyesha: jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyorejelewa, likafunikwa kwa kandambili takriban 30,000, likashushwa majini 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata. Watoto wakiona picha yake, samaki wao wa kandambili hawaonekani tena mchezo.

Kazi moja ya takataka ina uzito kuliko nyingine. Kata kitako cha chupa angavu ya maji, funga nyuzi au vipande vya plastiki laini chini yake, uitundike: umepata konyeza, yule mnyama laini wa baharini. Halafu tupa kipande cha nailoni angavu ndani ya ndoo ya maji, kando ya konyeza wako, na umwulize mtoto ni kipi cha kula. Ni vigumu kusema, na kasa naye humshinda. Wengine hufa kwa kumeza nailoni. Kwa Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, Kenya Agosti 2017, lakini vifungashio bado vipo na vipande havikosekani ufukweni. Vioshwe kwa sabuni kwanza, na vyenye ncha mtu mzima avitoe.

Kwa kina: chupa ya matabaka au karatasi nyeusi

Chupa ya matabaka ndiyo kazi inayovutia macho kuliko zote: asali chini, juu yake sabuni ya maji ya buluu, kisha maji yenye rangi, kisha mafuta ya kula, kila tabaka likiwa ukanda mmoja wa bahari. Ni somo zuri sana la uzito wa vimiminika. Kama somo la bahari linapotosha, maana mtoto anabaki akiamini kwamba chini kuna maji ya aina nyingine. Kinachobadilika ni mwanga, joto na mgandamizo. Zaidi ya mita 200 mwanga wa jua ni hafifu mno kwa mmea kukua, na kupita mita 1,000 ni giza tupu.

Ukitaka kufundisha giza, tumia giza. Mtoto achore kaa mwekundu kwa krayoni kwenye karatasi nyeusi, kisha amtazame kupitia ile plastiki ya buluu iliyobaki kwenye boksi, ikunjwe mara mbili tatu. Kaa anafifia na karibu kutoweka. Maji nayo hunyonya mwanga mwekundu mapema kuliko rangi nyingine, ndiyo maana wanyama wengi wa kina kirefu ni wekundu: kule chini wekundu ni sawa na weusi.

Kwa sisi tulio Tanga, hapo ndipo silikanti anapopata mahali pake. Samaki huyo alidhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu za kina kirefu. Hifadhi yenye jina lake ilitangazwa 2009. Mwili wa buluu iliyoiva, madoa meupe, mapezi yenye nyama kama miguu mifupi, na huzaa watoto hai. Mbandike kwenye ile karatasi ya ukutani, mwisho kabisa kulia, kwenye kina kinachozidi mita 100, umfunike na kipande cha kitambaa cheusi kilichobandikwa juu tu. Anayetaka kumwona aingize kichwa na tochi ya simu, na foleni ipangwe mapema, kwa sababu itakuwa ndefu.